‘Afraid’: Neno la woga lililozaliwa na amani

MTAZAMAJI wa filamu za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili hakosi kusikia kauli kama hii: “Naogopa umechelewa, bwana.” Anayesema hana dalili yoyote ya woga. Ameketi kitako, kavaa suti, anakunywa chai yake polepole. Hakuna simba mlangoni. Aliyeogopa, kama yupo, ni mfasiri. Aliliona neno ‘afraid’ katika Kiingereza, akakimbilia maana ya kwanza aliyofundishwa katika shule ya msingi, ‘kuogopa’, akajificha humo.

Tatizo hili haliko kwenye filamu pekee. Limo katika taarifa za habari, limo katika barua za ofisi, na limo mahali ambapo linaweza kumuumiza mtu, yaani hospitalini na mahakamani. Kwa sababu hiyo nataka leo tulichunguze neno ‘afraid’ bila pupa: lilikotoka, linavyotumiwa na wenyewe Waingereza, na namna linavyotusumbua tunapolileta kwetu. Nitatanguliza asili, maadamu asili ya neno hili ina ajabu yake, na ajabu yenyewe inamgusa mzungumzaji wa Kiswahili kuliko anavyoweza kudhani.

Kwa sura, ‘afraid’ linafanana na maneno kama vile ‘asleep’, ‘alive’ na ‘awake’. Mtu angedhani ‘a’ ile ya mwanzo ni moja. La hasha. Katika ‘asleep’ na ‘alive’, ‘a’ hiyo ni mabaki ya kihusishi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya ‘katika’; aliyelala yumo usingizini, aliye hai yumo uhaini. ‘Afraid’ halina uhusiano wowote na kihusishi hicho. Hili ni neno la wageni. Liliingia Uingereza kwa mlango wa Kifaransa baada ya Wanomandi kuivamia nchi hiyo mnamo 1066 na lugha yao kuwa lugha ya makasri, mahakama na mabwana. Wanomandi walikuwa na kitenzi ‘afrayer’, maana yake kushtua, kutisha, kumwondolea mtu utulivu. Waingereza walikichukua kikawa ‘affray’. Aliyetendwa hivyo akaitwa ‘affrayed’, na kufikia karne ya 14 neno hilo lilikuwa limeshika mizizi. Baadaye tahajia ikabadilika kuwa ‘afraid’. Kwa hivyo, kihistoria ‘afraid’ si kivumishi cha kawaida. Ni umbo la kutendwa la kitenzi ambacho chenyewe kimekufa. Mzazi kazikwa, mtoto anatamba.

Wafaransa bado wanacho kitenzi hicho, ‘effrayer’, kutisha. Lakini nacho hakikuanzia kwao. Wanaisimu wanakirudisha nyuma hadi kwa Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala nchi iliyokuja kuitwa Ufaransa kwa jina lao. Wafaranki walikuwa na neno lililotamkwa takriban ‘frithu’. Maana yake ilikuwa amani. Wenyeji waliozungumza Kilatini cha mitaani walilichukua neno hilo la mabwana wapya, wakalibandika kiambishi cha Kilatini ‘ex’, chenye maana ya ‘kutoka, nje ya’, wakapata kitenzi cha kumtoa mtu katika amani.

Yaani ‘afraid’, tukilivua nguo zote lilizovishwa njiani, maana yake ni ‘aliyetolewa katika amani’.

Jamaa za ‘frithu’ bado wapo. Wajerumani wa leo wakitaka kusema amani husema ‘Friede’, Waswidi husema ‘fred’. Na hapa kwetu Kenya jamaa hao tunawaita kila siku bila kuwatambua. Godfrey ni ‘amani ya Mungu’. Fredrick ni ‘mtawala wa amani’. Hata Geoffrey, mkia wake ni amani. (Alfred asijitie humo, jina lake lina asili tofauti kabisa, na maana yake inahusu ushauri.) Wanaisimu wanakwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba ‘frithu’ lilichipuka katika mzizi mmoja wa kale uliohusu kupenda, mzizi huohuo uliowapa Waingereza ‘friend’, rafiki, na ‘free’, huru. Kwa hiyo rafiki na aliyeogopa, katika Kiingereza, wana babu mmoja.

Kitenzi ‘affray’ nimesema kimekufa, ila nomino yake ingalipo, na makao yake ni sheria. Katika sheria ya kale ya Uingereza, ‘affray’ lilikuwa kosa la watu kupigana hadharani hadi raia wakaingiwa na hofu. Kosa hilo lilisafiri na ukoloni na lingalimo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambako maana yake ni kushiriki vita mahali pa umma. Si ajabu kuona taarifa zetu za mahakamani zikiliita ‘kuzua rabsha’ au ‘kuvuruga amani’. Hilo la pili, kwa upande wa etimolojia, linalenga ndipo, ingawa kisheria kuvuruga amani ni shtaka jingine. Uingereza yenyewe ilipoliandika upya kosa hilo katika Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, kipimo kilichowekwa ni kama mwenendo wa mshtakiwa ungemfanya mtu wa moyo thabiti aliyepo pale ahofie usalama wake. Mawakili wa London hawakuwa wakifikiria Wafaranki walipoandika hivyo, lakini neno lilikuwa limerudi nyumbani. Na wale wanahabari wetu wa Kiingereza wanaopenda kuandika kwamba mwanasiasa fulani ‘has joined the fray’ wajue kwamba ‘fray’ hiyo ni ‘affray’ iliyokatwa kichwa. Sisi husema amejitosa ulingoni. Maana ni ileile: amekwenda palipo na ngumi.

Kuna pia ‘afeard’, neno ambalo wanafunzi waliowahi kusoma Macbeth ya Shakespeare katika shule za upili walikutana nalo, kwani ndilo Lady Macbeth analolitumia kumsuta mumewe aliye askari. Wengi hudhani ni ‘afraid’ lililoandikwa kizamani. Siyo. ‘Afeard’ ni neno la Kiingereza asilia, jamaa ya ‘fear’, lisilo na tone la damu ya Kifaransa. Maneno hayo mawili yalifanana kwa sauti na maana kwa sadfa tupu, yakaishi pamoja miaka mingi. Shakespeare aliyatumia yote mawili. Kisha mgeni akamtoa mwenyeji. Baada ya 1700 hivi ‘afeard’ likasukumwa nje ya uandishi rasmi na kubaki katika lahaja za vijijini. Nalo ‘fear’ lenyewe, zamani halikuwa jina la hisia. Lilimaanisha hatari ya ghafla, balaa inayomvamia mtu. Wajerumani hadi leo wana ‘Gefahr’, hatari. Waingereza walilihamisha neno kutoka kwenye jambo linalotisha wakalitia katika moyo wa anayetishika.

Sasa tuje kwetu.

Neno letu kuu la hisia hii, ukiacha woga na kuogopa ambayo ni ya Kibantu, ni hofu. Limetoka katika Kiarabu ‘khawf’, na wazee wa Pwani hadi juzi walikuwa wakiliandika ‘khofu’. Katika Kiarabu, kinyume cha ‘khawf’ si ushujaa. Ni usalama, utulivu, neno la mzizi uleule uliotupa amani, amana, imani na kuamini. Msomaji wa Kurani anaijua Sura ya Kuraishi, inayowakumbusha watu wa kabila hilo kwamba Mola ndiye aliyewalisha wasife njaa na kuwapa amani dhidi ya hofu. Hofu na amani zimewekwa pale ana kwa ana, moja ikiingia nyingine inatoka.

Kisha msikilize mama sokoni Kongowea au Gikomba ambaye mwanawe hajarudi nyumbani. Hasemi ‘nimejawa na hofu’. Hayo ni maneno ya taarifa ya habari. Atasema: “Sina amani.” Au: “Huyu mtoto amenikosesha amani.” Mwingine atasema, “Tangu jana niko tu hivi, sina amani kabisa.” Bila kusoma historia ya Wafaranki, bila kupita Normandy, mama huyo amesema neno kwa neno kile ambacho ‘afraid’ lilisema lilipozaliwa: nimetolewa katika amani yangu. Sidai kwamba lugha hizi ziliigana. Hazikuigana. Ila ninadai kwamba mfasiri wa Kiswahili anayelikuta ‘afraid’ katika sentensi, halafu akaona hana ila ‘ogopa’, ameifukarisha lugha tajiri kwa mikono yake mwenyewe.

Utajiri huo ni wa kweli. Tuna wasiwasi, ambao kwa Kiarabu asili yake ni mnong’ono, ule unaomtia mtu shaka moyoni. Tuna wahaka, tuna kiwewe, tuna fadhaa, tuna taharuki ambayo mzizi wake ni kutikisika. Kugwaya. Kutishika. Kuingiwa na baridi. Tena lipo lile neno kongwe dogo, -cha, ambalo vijana wengi hawalijui kama kitenzi ingawa wanalitamka kila Ijumaa na kila Jumapili katika ‘mcha Mungu’. Kumcha Mungu si kumwogopa kama unavyomwogopa mbwa wa jirani. Ni hofu yenye heshima ndani yake. Kiingereza cha Biblia kinatumia ‘fear’ kwa yote mawili na kumwachia mhubiri kazi ya kueleza tofauti. Kiswahili kiliitenga tofauti hiyo zamani. Kutokana na -cha tukapata ‘-chelea’, kitenzi ambacho nitakirejelea hivi punde kwa kuwa ndicho ninachokipigia debe.

Je, Waingereza wanalitumiaje ‘afraid’? Kisarufi lina ukaidi. Haliwezi kutangulia nomino. Unaweza kusema kwa Kiingereza ‘the man is afraid’, lakini ‘an afraid man’ haisemeki. Itabidi useme ‘a frightened man’. Hapa ndipo watoto wetu hukwama katika insha, kisha wanakwepa kwa kutumia ‘fear’ kila mahali: ‘I fear dogs’, ‘I fear my teacher’, na wengine hufika ‘I am fearing’. Mwalimu wa Kiingereza hukasirika. Mimi naona kinachotokea. Mtoto anafikiri kwa kitenzi, kwa sababu kwa Kiswahili, na kwa lugha zetu nyingi za nyumbani, kuogopa ni tendo lenye mtendaji na mtendwa: namwogopa. Kwa Mwingereza ni hali ambayo mtu yumo. Labda ndiyo maana Nairobi wamezua njia ya katikati, “niko na uoga”, ambayo msanifu ataisahihisha iwe ‘nina woga’ lakini ambayo imekwisha kukita mizizi.

Kazi ya pili ya ‘afraid’ ndiyo iliyompoteza yule mfasiri wa filamu. Tangu mwishoni mwa karne ya 16, Waingereza wamekuwa wakitumia ‘I’m afraid’ bila kuogopa chochote. Ni adabu. Ni mto mdogo unaowekwa chini ya habari ngumu ili isigonge sakafu kwa kishindo. ‘I’m afraid we’re closed’, anasema mwenye duka, naye haogopi, anataka tu kufunga aende zake. ‘I’m afraid so’ maana yake ni ndiyo, kwa bahati mbaya. ‘I’m afraid not’ ni hapana, samahani. Atakayetafsiri hizo mbili kwa ‘naogopa ndivyo’ na ‘naogopa sivyo’ atakuwa ameandika maneno ambayo hayajawahi kutoka katika kinywa cha Mswahili yeyote.

Tunazo njia zetu za kufanya kazi hiyohiyo, tena nyingi kuliko Kiingereza, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa mfasiri analazimika kuchagua. Anayekataa ombi husema ‘samahani’ au ‘uniwie radhi’. Anayetoa habari mbaya husema ‘nasikitika’, au ‘pole, mama’, au ‘kwa bahati mbaya’. Na yule mwenye shaka, anayedhani jambo baya limetokea lakini hana hakika, husema ‘nachelea’. “Nachelea mvua itatukuta njiani.” “Nachelea kusema, lakini huyo kijana wako hasomi.” Kauli hii ya mwisho inafanya kazi yote ya ‘I’m afraid’: inaomba ruhusa, inapunguza makali, na inabeba wasiwasi kidogo, kiasi kilekile ambacho Kiingereza kinabeba. Ipo pia katika methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa nini waandishi wetu wameitupa? Nafikiri ni kwa sababu haimo katika Kiingereza. Tunafasiri kwa kutafuta neno linalolingana na la Kiingereza, si kauli inayotumiwa na Mswahili katika hali ileile.

Chukua mfano wa hospitali. Daktari anasoma majibu ya vipimo na kusema kwa Kiingereza, ‘I’m afraid the results are not good.’ Muuguzi anageuka kwa familia iliyokaa kwenye benchi: “Daktari anasema anaogopa majibu si mazuri.” Kila neno limetafsiriwa. Lakini familia imesikia nini? Imesikia kwamba daktari anaogopa! Kama daktari, msomi, mwenye koti jeupe na mashine zote zile, anaogopa, nani atabaki na moyo? Muuguzi angesema, “Daktari anasikitika, majibu si mazuri sana,” angekuwa ametafsiri alichosema daktari. Habari ni ileile mbaya, ila imefika kwa namna ambayo daktari alikusudia ifike.

Lipo jambo la kuwatetea wanaosema Kiswahili kinabadilika na tusikifunge kamba. Kinabadilika kweli, na katika uwanja huu wa woga mabadiliko mengine yamekuja na ladha. Vijana wetu siku hizi wakiona mwenzao amefanya la ajabu, amefunga bao la mbali au amejenga nyumba kabla ya kutimiza miaka thelathini, humwambia: “Aki nakuogopa!” Hawamwogopi. Wanamvulia kofia. Wazazi husikitika kwamba lugha imeharibika, nami naona hawana sababu. Kiingereza kimefanya vivyo hivyo mara kadha. ‘Terrific’, kwa Kilatini, lilikuwa neno la kitu kinachotia hofu kuu; leo ni sifa ya pilau iliyoiva vizuri. Na ‘hatari’ yetu inaelekea kukohuko: “Huyo msanii ni hatari!” Sisikii kosa katika ‘nakuogopa’ ya vijana kwa sababu anayesema na anayeambiwa wote wanajua kinachosemwa. Vilevile ‘kuingiza baridi’, la mtu aliyekuwa akijigamba kisha akarudi nyuma. “Alikuwa anasema atampiga, kuona jamaa amesimama akaingiza baridi.” Hilo ni la kwetu, limechipuka mtaani, halikutafsiriwa na mtu mwenye kamusi mkononi.

Ninacholalamikia ni mabadiliko yanayoletwa na uvivu wa kutafsiri, hasa yakiwa yanaficha maana. Mfano ulio mbele ya macho yetu kila msimu wa mvua ni kichwa cha habari kama hiki: ‘Watu 7 wahofiwa kufa maji’. Kimetolewa moja kwa moja katika Kiingereza, ‘seven feared drowned’. Lakini katika Kiswahili, anayehofiwa ni yule anayetia watu hofu. Jambazi anahofiwa. Mwalimu mkali anahofiwa. Hawa saba, maskini, wamezama mtoni, nani anawahofu? Isitoshe, ‘wahofiwa’ linaweza kusomeka kama nomino, waliohofiwa, ukadhani ni genge. Mtetezi ataniuliza: mbona tunasema ‘anadaiwa kuiba’ na ‘anashukiwa kuua’ na hulalamiki? Ni swali zuri. Tofauti ni kwamba anayeshukiwa ndiye hasa shaka inayemwangukia. Ukimwita mshukiwa hujakosea. Anayehofiwa kufa haangukiwi na hofu kwa maana hiyo. Hofu ni ya kifo chake, si yake. Na wale wanaosema nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, ‘Hofu watu 7 wamekufa maji’ ina urefu uleule, na inaeleweka hata na bibi yangu.

Hilo la nani anahofu nini linatufikisha mahali pagumu zaidi. Kiingereza hutofautisha ‘afraid of’ na ‘afraid for’ kwa kihusishi tu. ‘I’m afraid of my husband’: mume ndiye tishio. ‘I’m afraid for my husband’: mume ndiye aliye hatarini. Herufi chache, maana zinazotazamana kama usiku na mchana. Kiswahili kina chombo bora kuliko kihusishi, kauli ya kutendea. Namwogopa, yeye ndiye ninayemkimbia. Namwogopea, yeye ndiye ninayemwombea. Hakuna anayeweza kuzichanganya.

Ila zimechanganyika, na aliyezichanganya ni ‘hofia’. Kitenzi hiki kimeenea mno katika matumizi ya siku hizi, kwa kuwa kinasikika rasmi kuliko ‘ogopa’, na kwa sura yake kina kiambishi cha kutendea tayari. Kwa hiyo kimebeba mizigo yote miwili. ‘Namhofia mume wangu’ inaweza kuwa nahofu atanidhuru. Inaweza kuwa nahofu atadhurika. Katika mazungumzo ya kawaida sauti na uso vitakuambia ni ipi. Katika maandishi hakuna sauti wala uso.

Sasa weka kauli hiyo katika kizimba cha shahidi. Katika mahakama zetu za mahakimu mwananchi hutoa ushahidi kwa Kiswahili, na rekodi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mwanamke amekuja kuomba amri ya kulindwa chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015, sheria ambayo inatambua kwamba vitisho peke yake, hata pasipo kipigo, ni dhuluma. Anaulizwa kwa nini hakwenda polisi mapema. Anasema, “Nilikuwa namhofia mume wangu.” Ikiandikwa ‘I was afraid of my husband’, ametoa ushahidi wa vitisho. Ikiandikwa ‘I was afraid for my husband’, amesema alimwonea huruma asikamatwe, na wakili wa upande wa pili atamshika hapo hapo: kumbe ulikuwa unamlinda? Kesi mbili tofauti zimetoka katika sentensi moja. Hakimu atakayeisoma rekodi hiyo baadaye, au jaji wa rufaa, atasoma Kiingereza tu. Hatajua kwamba mama yule alisema neno lenye nyuso mbili na mtu mwingine akamchagulia uso mmoja.

Mkalimani hana haki ya kukisia hapo, hata akiwa na hakika moyoni mwake. Wala kamusi haitamsaidia, kwani kamusi itampa maana zote mbili. Kinachohitajika ni aombe ruhusa ya hakimu, amgeukie shahidi, amuulize kwa Kiswahili kisicho na mashaka: “Mama, ulikuwa unamwogopa, au ulikuwa unamwogopea?”